Krimu ya Maua: Namna ya Kuitengeneza, na Vipimo vya Kufanya Kabla ya Kuiuza



Miongoni mwa maombi yaliyofika ofisini kwetu kwa ajili ya robo hii ya mwaka, limo la kikundi cha akina mama wa Samuye, Wilaya ya Shinyanga, wanaotaka kutengeneza krimu ya ngozi kutokana na maua ya kalendula. Ombi limeandikwa vizuri. Wanaomba mizani, sufuria, makopo na lebo za rangi. Wanaeleza kuwa krimu hiyo itatibu ukurutu, mapunye, vidonda na miguu iliyopasuka, na kwamba itawakinga na jua watoto wenye ualbino. Kamati ya maendeleo ya parokia imeliunga mkono, na baadhi ya wafadhili wetu wameonyesha nia ya kulichangia.

Ni sentensi hiyo ya mwisho, ile ya watoto na jua, iliyotufanya tuandike makala hii ndefu kuliko kawaida yetu. Kazi ya akina mama hawa tunaipenda na tunaamini inawezekana. Ila krimu ni kitu kinachopakwa mwilini mwa mtu, mara nyingi mwilini mwa mtoto, na mtu huyo hana namna ya kujua kilichomo ndani ya kopo. Kwa hiyo tunaeleza hapa jinsi krimu ya namna hii inavyotengenezwa, inavyopimwa, na mambo ambayo haiwezi kuyafanya hata ikitengenezwa vizuri kiasi gani.

Ua lenyewe

Kalendula, ambayo wataalamu huiita Calendula officinalis, ni ua la rangi ya machungwa au njano lililozoeleka Ulaya kwa karne nyingi kama dawa ya kupaka kwenye michubuko na ngozi iliyowaka. Asili yake ni nchi za kandokando ya Bahari ya Mediterania. Halipendi joto kali, hivyo kwa Shinyanga linafaa kupandwa wakati wa kiangazi chenye baridi, kuanzia Mei, mahali penye maji ya kumwagilia.

Hapa pana hatari ya kwanza. Lipo ua jingine linalofanana nalo kwa rangi, ambalo limepandwa kwenye bustani nyingi za makanisa, shule na hoteli zetu. Hilo ni la jamii ya Tagetes, na ndugu yake mmoja, Tagetes minuta, huota ovyo mashambani kama gugu lenye harufu kali. Kwa Kiingereza yote huitwa kwa jina moja, na vitabu vya mapishi ya krimu vinavyosambazwa vimechanganya mambo. Mafuta ya Tagetes yana kemikali zinazofanya ngozi iungue inapopigwa na jua. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa asilimia 0.01 kwa mafuta hayo katika vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi, na umekataza kabisa yasitumike katika krimu za kukinga jua. Kikundi kitakachochuma ua lisilo lenyewe na kulipaka usoni mwa mtu anayelima mchana kutwa kitamdhuru.

Namna rahisi ya kutofautisha: majani ya kalendula ni mazima, mapana kiasi, na yananata kidogo vidoleni, majani ya Tagetes yamechanika kama unyoya na yakisuguliwa hutoa harufu inayopenya puani. Mbegu pia ni tofauti. Za kalendula zimejikunja kama kiwavi mdogo, za Tagetes ni nyembamba na zimenyooka kama sindano. Tunashauri mbegu zinunuliwe kwenye pakiti yenye jina la kitaalamu, na kikundi kitunze ua moja lililokaushwa ndani ya daftari kama kielelezo.

Jambo la pili ni ardhi. Samuye iko katika ukanda ambao dhahabu inachimbwa na kuchenjuliwa na wachimbaji wadogo, kuanzia Mwakitolyo humu humu Shinyanga hadi Geita. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu huishia kwenye tope na kwenye vijito, na baadhi ya miamba ya dhahabu ina arseniki yake yenyewe. Maua yasilimwe karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu wala kumwagiliwa kwa maji yanayotoka huko. Bustani ya zahanati au ya shule, au kando ya ngitili iliyotunzwa, inafaa zaidi.

Marhamu au krimu?

Watu wengi hutumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa mtengenezaji ni vitu viwili vyenye hatari tofauti, na tofauti yenyewe ni maji.

Marhamu ni mafuta na nta tu. Hakuna maji ndani yake, na bakteria bila maji hawawezi kuzaliana. Krimu ni mafuta na maji yaliyolazimishwa kukaa pamoja, ndiyo maana ni laini, haing'ang'anii mikononi, na watu huipenda zaidi. Lakini kopo la krimu isiyohifadhiwa ni chakula kizuri kwa vijidudu. Katika joto la Shinyanga, krimu ya namna hiyo inaweza kujaa bakteria ndani ya siku chache huku kwa macho bado inaonekana nzuri na harufu yake haijabadilika. Mama akiipaka kwenye kidonda cha mtoto, amekipelekea kidonda ugonjwa mpya.

Kwa sababu hiyo, tungependa kila kikundi kianze na marhamu, na kikae nayo mwaka mzima kabla ya kufikiria krimu. Tunajua soko linataka krimu. Tunajua pia kuwa wafadhili hupenda kuona kopo jeupe lenye krimu nyeupe. Hata hivyo, marhamu nzuri ya miguu iliyopasuka inauzika katika kila mnada wa Usukumani, na malighafi zake mbili kubwa ziko hapa hapa: mafuta ya alizeti na nta ya nyuki. Shinyanga ni mkoa uliorejesha misitu yake kwa mpango wa HASHI ulioanza mwaka 1986, ambao ulifufua desturi ya ngitili hadi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Palipo na ngitili pana maua ya porini, na palipo na maua pana nyuki. Nta ambayo wafugaji wengi hapo awali waliitupa baada ya kukamua asali ina thamani.

Kutayarisha mafuta ya maua

Kemikali za kalendula zinazodhaniwa kutuliza uvimbe, zile ziitwazo faradioli pamoja na jamaa zake, huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kwa hiyo kuchemsha maua kama chai na kutumia maji yake hakusaidii sana. Kinachotakiwa ni kuloweka kwenye mafuta.

Maua huchumwa asubuhi umande ukishakauka, yakiwa yamefunguka. Huanikwa kivulini, juu ya wavu au kitambaa safi, hadi yavunjike yakifikichwa. Siku za kuanika zisihesabiwe kwa kalenda. Kitovu cha ua hukauka mwisho kabisa, na ndicho kinachodanganya watu. Ua lenye unyevunyevu likiingizwa kwenye mafuta huleta ukungu, na mtungi mzima unapotea.

Pima kwa uzito: gramu 100 za maua makavu kwa kilo 1 ya mafuta ya alizeti yaliyosafishwa. Weka kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, moto mdogo, mafuta yasizidi nyuzi joto 70, kwa muda wa saa 3. Mafuta hugeuka rangi ya dhahabu. Chuja kwa kitambaa cha pamba, acha yatulie usiku kucha, kisha mimina polepole ukiacha machicha na tone lolote la maji chini. Wapo wanaoloweka juani kwa wiki kadhaa ndani ya chupa. Njia hiyo ni ya bei rahisi lakini jua huyachachisha mafuta mapema, na alizeti huchacha upesi kuliko mafuta mengi. Vitamini E kidogo, gramu 5 kwa kilo, huchelewesha kuchacha. Lakini ieleweke kwamba vitamini E haiui bakteria. Tumeona maelekezo mengi yanayoiita kihifadhi, na kwa krimu yenye maji maelekezo hayo ni ya hatari.

Kwa marhamu, nta huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64, hivyo sufuria ile ile ya juu ya maji inatosha. Vitabu vya nchi za baridi husema sehemu 8 za mafuta kwa 1 ya nta. Kwa Samuye marhamu hiyo itakuwa uji ifikapo saa 7 mchana. Sehemu 5 kwa 1 ni mwanzo mzuri, yaani gramu 200 za nta kwa kilo ya mafuta. Dondosha tone kwenye kijiko cha baridi, lingoje ligande, ulipake. Likiwa gumu ongeza mafuta, likiwa laini ongeza nta. Andika kila ulichoongeza. Mizani iwe inayosoma gramu moja moja, na kwa kihifadhi cha krimu iwe inayosoma chini ya hapo.

Kikundi kikifika kwenye krimu

Siku ikifika, kilo moja ya krimu ya kawaida huwa na gramu 700 za maji, 200 za mafuta ya maua, 60 za nta ya kuunganishia, 30 za glisarini, na zisizozidi 10 za kihifadhi. Nta ya kuunganishia hununuliwa kwa wauzaji wa malighafi za vipodozi. Nta ya nyuki peke yake haiunganishi maji na mafuta. Itaonekana imeunganisha jioni, na asubuhi maji yatakuwa yameelea pembeni. Maji yawe yaliyotoneshwa kwa mvuke kwa ajili ya dawa au vipodozi. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi inayovuruga krimu, na maji ya betri ya dukani hayakutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mtu.

Maji na glisarini hupashwa kwenye sufuria moja, mafuta na nta kwenye nyingine, vyote hadi nyuzi 70 au 75. Yanapofanana joto, huunganishwa na kukorogwa bila kuacha hadi yapoe kufikia 40. Hapo ndipo kihifadhi huingia, kwa kuwa baadhi ya vihifadhi huharibiwa na joto. Kinachotumika sana ni fenoksiethanoli, na Umoja wa Ulaya haukiruhusu kuzidi asilimia 1. Wengine watasema, mbona mnatuletea kemikali kwenye dawa ya asili? Jibu letu ni kwamba bakteria nao ni wa asili.

Vipimo

Kila pishi lipewe namba na tarehe, na kopo moja la kila pishi libaki ofisini bila kufunguliwa. Hiki ndicho kipimo cha kwanza na hakigharimu kitu: mteja akilalamika, mnajua ni pishi lipi na mnalo la kulinganisha.

Kisha vipo vipimo ambavyo kikundi kinaweza kufanya chenyewe. Tindikali ya krimu hupimwa kwa karatasi za pH. Ngozi yenyewe iko karibu na 5, na krimu inayosoma 5 hadi 6 inafaa. Ikisoma 8 au 9, kuna kitu kimekosewa, mara nyingi sabuni au magadi yameingizwa kinyemela ili maji na mafuta vishikane. Kwa uimara, viwanda hutunza bidhaa kwenye chumba chenye nyuzi 40 kwa miezi 3 na kuangalia kila wiki kama imetengana, imebadilika rangi au imechacha. Samuye haihitaji mashine kwa hilo. Stoo yenye paa la bati na kipimajoto ukutani itasema mengi. Makopo mengine yakae mahali pa baridi, na mengine yahamishwe kila siku kati ya joto na baridi. Friji ya muuza soda inatosha kwa kazi hiyo. Friji ya chanjo ya zahanati isiguswe kabisa, hata kwa kopo moja.

Vipimo vya vijidudu havifanyiki nyumbani. Kiwango cha kimataifa ISO 17516 cha mwaka 2014 kinataka kipodozi kisizidi vijidudu hai 1,000 kwa gramu, na kwa cha watoto chini ya miaka 3 au cha kupaka karibu na macho kisizidi 100. Aidha kuna vinne ambavyo havitakiwi kuonekana kabisa: Escherichia coli, anayetoka kwenye kinyesi, Pseudomonas aeruginosa, apendaye maji, Staphylococcus aureus, wa usaha, na Candida albicans, ambaye ni fangasi. Kwa krimu yenye maji, kipimo cha pishi moja siku ya kutengenezwa hakitoshi. Maabara huingiza vijidudu kwa makusudi ndani ya krimu na kuhesabu waliobaki siku ya 7, ya 14 na ya 28. Krimu iliyo salama ni ile inayowaua, kwa kuwa vidole vya wanafamilia vitaingia kopo hilo kila siku.

Halafu kuna kipimo cha metali, yaani zebaki, risasi na arseniki. Kwa ukanda wetu tunakiona ni cha lazima angalau mara moja kwa kila shamba la maua. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara ya kanda Mwanza.

Mwisho ni ngozi ya watu. Watu wazima waliokubali kwa hiari, baada ya kuelezwa kila kitu, hupaka kiasi kidogo mahali pale pale sehemu ya ndani ya mkono, padogo kama sarafu, asubuhi na jioni kwa siku 7. Pakiwasha au kuwa pekundu, wanaacha na inaandikwa. Kalendula ni ya ukoo mmoja na alizeti, pareto na gugu karoti, na mtu ambaye ngozi yake hukasirishwa na mmoja wa hao anaweza kukasirishwa na mwingine. Watoto wasitumike kwa majaribio haya kwa namna yoyote.

Je, ua linafanya kazi?

Hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu ndipo penye jambo ambalo wafadhili wetu hutuuliza sana na ambalo vikundi hulikwepa.

Mama mwenye visigino vilivyopasuka akipaka marhamu hii kila usiku na kuvaa soksi, wiki mbili baadaye visigino vitakuwa laini. Atashuhudia mbele za watu, na ushuhuda wake utakuwa wa kweli. Lakini ni kitu gani kilichomponya? Mafuta na nta peke yake huzuia maji yasikauke kwenye ngozi, na hilo tu hulainisha visigino. Ili kujua kama ua limeongeza chochote, inabidi kutengeneza marhamu mbili zinazofanana kwa rangi na harufu, moja yenye ua na moja isiyo nalo, na anayepaka asijue ipi ni ipi.

Wenzetu wa Ulaya wamelifanyia ua hili kazi kubwa. Mwaka 2004 madaktari wa Ufaransa walitoa matokeo ya wanawake 254 waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti kwa mionzi, ambayo huunguza ngozi. Kati ya waliopaka marhamu ya kalendula, asilimia 41 walipata madhara ya ngozi ya kiwango cha kati au zaidi. Kati ya waliopaka dawa nyingine iitwayo trolamini, asilimia 63. Matokeo hayo yalishangiliwa, na hadi leo yananukuliwa katika vipeperushi vya wauzaji. Kisichonukuliwa sana ni utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa zaidi ya 400, ambao haukulinganisha kalendula na dawa nyingine bali na krimu ya kawaida isiyo na ua, na wagonjwa hawakujua wamepewa ipi. Asilimia 23 ya waliopaka kalendula walipata madhara makali, na asilimia 19 ya waliopaka krimu ya kawaida. Hapakuwa na tofauti ya maana.

Mamlaka ya Dawa ya Ulaya huikubali kalendula kwa michubuko midogo na ngozi iliyowaka kidogo, kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi, bila kudai kuwa majaribio yamethibitisha. Sisi tunaona huo ni msimamo wa haki. Marhamu ya Samuye inaweza kuuzwa kama mafuta mazuri ya kulainisha ngozi, yenye ua lenye historia, na kila neno hapo litakuwa kweli.

Wala tusidhani ua ni kitu dhaifu kwa sababu ni ua. Pareto inayolimwa nyanda za juu za kusini ni ua pia, na dondoo lake huangusha wadudu. Kila ua lipimwe kwa lile linalodaiwa kufanya.

Kuhusu jua

Sasa turudi kwenye sentensi iliyotusumbua. Shinyanga iko karibu na nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtoto mwenye ualbino, jua hilo ni ugonjwa unaojengeka kidogo kidogo kila siku: kuungua, mabaka, vidonda visivyopona, kisha saratani ya ngozi katika umri ambao wenzake ndio kwanza wanaanza maisha. Mkoa wetu unafahamika kwa mateso mengine ambayo watu hawa wameyapata, hasa katika miaka ya mauaji baada ya 2006, na wengi wa watoto hao walikusanywa Buhangija kwa ajili ya usalama wao. Itakuwa huzuni juu ya huzuni iwapo sisi wenyewe tutawapa kopo linalowadanganya kuwa wamekingwa.

Mafuta ya kalendula hayakingi jua kwa kiwango chochote cha kutegemewa. Alizeti hali kadhalika, na nta pia. Mtoto aliyepakwa marhamu hii na kuambiwa amekingwa atakaa juani muda mrefu kuliko yule ambaye hakupakwa kitu na akakimbilia kivulini.

Tena nchi yetu inayo krimu ya kukinga jua iliyotengenezwa kwa ajili ya watu hawa. Katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, na wenzake Watanzania walianzisha karakana ya kutengeneza krimu iitwayo KiliSun. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilisaidia kwa utaalamu na malighafi. Krimu hiyo ina kiwango cha kinga cha 30 na zaidi, na hutolewa pamoja na elimu na uchunguzi wa ngozi katika kliniki za mikoani. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kazi inayohitajika: malighafi zinazojulikana kuzuia miale, mitambo ya kuchanganya, maabara ya kupima kila pishi, na watu waliosomea. Kikundi chenye sufuria mbili hakiwezi kuiga hayo, na hakuna aibu katika hilo. Kinachoweza kufanywa Samuye ni kuwaunganisha watoto na kliniki hizo, kuwashonea kofia pana na mashati ya mikono mirefu, na kuwaombea walimu wawaruhusu kukaa ndani wakati wa mchana. Marhamu inaweza kupakwa jioni, kwa kulainisha.

Maneno kwenye lebo

Sheria za nchi yetu huangalia sana kile kilichoandikwa. Mafuta ya kulainisha ngozi ni kipodozi, na tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Ukiandika "inatibu", umeihamisha bidhaa kuwa dawa. Hapo unaingia kwenye mamlaka ya TMDA, iliyokuwa TFDA hadi mwaka huo huo, au kwa tiba za jadi, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililotokana na sheria namba 23 ya mwaka 2002. Na kumpa mgonjwa dawa ili kuona kama atapona ni utafiti, unaohitaji kibali cha maadili kutoka NIMR. SIDO wana ofisi Shinyanga, na ndio mlango wa kawaida wa mjasiriamali mdogo kwenda TBS.

Neno la uponyaji husafiri kuliko kipimo. Sote tunakumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilometa nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na wapo waliotoka wodini kwenda huko. Kwa ngozi hatari iko karibu zaidi. Baka lililopauka lisilo na hisia linaweza kuwa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure na huponya. Kila mwezi mgonjwa anaopaka mafuta ya maua, neva zake zinaharibika. Upele unaowasha nyumba nzima usiku unahitaji dawa ya upele kwa wote siku moja. Mapunye yanahitaji dawa ya fangasi. Kwenye lebo na katika mafunzo ya wauzaji iandikwe wazi kuwa kidonda kisichopona na baka lisilo na hisia vipelekwe zahanati.

Upande wa pili wa soko kuna mkorogo. Krimu za kuchubua zenye zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi zimepigwa marufuku lakini ziko minadani, na huuzwa kwa kuwa huonyesha matokeo haraka. Hata krimu zinazoitwa za asili haziko salama na udanganyifu huo. Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina, na 8 zilikuwa na deksamethasoni ndani yake bila kuandikwa. Kikundi chetu kitashawishiwa kuongeza kitu kidogo ili krimu ifanye kazi kama ya jirani. Ndiyo maana tunataka daftari la mapishi liwe wazi kwa mwanakamati yeyote, siku yoyote.

Kwa wachimbaji, ambao ndio wateja wengi kwa upande wa Geita, wauzaji waeleze jambo moja. Marhamu hulainisha mikono iliyokaushwa na tope. Haizuii zebaki. Tena zebaki humdhuru mchimbaji zaidi kwa mvuke anaouvuta anapochoma dhahabu, ambao hakuna mafuta ya kupaka yanayoufikia.

Tunachopendekeza

Baada ya mazungumzo, tunapendekeza ombi la Samuye lichangiwe kwa hatua. Hatua ya kwanza ni mbegu, mizani, kipimajoto, sufuria za chuma kisichoshika kutu, na vipimo vya maabara vya mapishi 3 ya marhamu. Lebo za rangi zingoje. Makopo yenye mdomo mpana tungependa yabadilishwe kwa vichupa vya kuminya, ili vidole visiingie. Fedha za vipimo zitengwe katika bajeti mapema na zisihamishiwe kwingine, hata kama mvua zikichelewa na mahitaji mengine yakaonekana makubwa zaidi.

Kamati nyingine zenye maombi yanayofanana na hili, ya mafuta ya mwarobaini, ya mshubiri au ya mlonge, zitumie utaratibu huo huo. Ombi liambatane na jina la kitaalamu la mmea, mahali utakapolimwa, jina la anayetunza daftari la mapishi, na maneno kamili yatakayoandikwa kwenye lebo. Kwa wanaotaka kalendula msimu huu, vitalu viandaliwe mwishoni mwa Aprili na mbegu ziatikwe Mei, kwa kuwa huanza kutoa maua baada ya miezi miwili hivi, wakati hewa ingali baridi na kavu kiasi cha kuanikia kivulini.